Mixa ya zamani haina kitabu? Kitabu kiko ndani yake

Kuna uvumi wa zebaki nyekundu umerudi tena mitaani na safari hii umefika mpaka kwenye mixa, ile mitambo ya kuchanganya sauti za maiki. Mwezi uliopita mzee mmoja wa Old Moshi alinijia na mixa ya kanisani ndani ya kiroba, mfuniko wa nyuma umeshang'olewa. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba kijana, alafu akanisimulia kwamba kuna vijana wawili walipita na pikipiki wakisema wananunua redio, tivi na mitambo ya muziki ya zamani kwa hela nzuri, eti ndani kuna zebaki nyekundu. Wakafungua, wakachungulia, wakakata waya kadhaa, hawakuona walichotaka, wakaondoka. Mzee hakuja kuuza. Alitaka kujua mambo mawili tu, kwanza kama ni kweli hiyo kitu imo, na pili kama mixa inaweza kulia tena, maana ndo aliyoimbia kwaya akiwa kijana, na mafundi wawili wa mjini wameshamwambia haitengenezeki kwa sababu haina kitabu wala mchoro na jina la kampuni limeshabanduka.

Haya maswali mawili naulizwa sana, Moshi hapa na nikienda Arusha pia, kwa hiyo nimeona niyaandike taratibu mtu yeyote aelewe hata kama hajawahi kushika mita ya kupimia umeme.

La zebaki tulimalize kabisa. Zebaki nyekundu ya thamani inayosemwa haipo, haijawahi kuwepo kwenye redio, wala tivi, wala mixa. Mwaka 2009 uvumi huo huo ulitikisa Saudi Arabia, watu wakawa wananunua cherehani za zamani za Singer kwa bei za ajabu wakiamini zina zebaki nyekundu kwenye sindano. Hakuna aliyeikuta. Kile kinachong'aa kama kioo juu ndani ya valvu (zile balbu za redio za zamani) ni bariamu, imepakwa humo kiwandani ili inase hewa iliyobaki, basi. Na dhahabu? Kwenye mixa nzuri kweli kuna dhahabu kwenye baadhi ya viunganishi, lakini ni mpako mwembamba kuliko unywele mara nyingi tu, ukivunja mixa nzima hupati hata ya kujaza ncha ya sindano. Unachopata ni mixa iliyokufa.

Sasa twende kwenye swali la pili, ambalo ndo lenye nyama.

Mixa ni nini hasa

Ukipanda Marangu, Kibosho au Machame utakuta mifereji ya asili, Wachagga wanaita mfongo. Maji yanachukuliwa juu kwenye chanzo, yanashuka kwa mfereji, yanapita kwa huyu na yule, kila mahali kuna mlango wa kufungua na kufunga. Mixa ni hivyo hivyo, isipokuwa kinachopita ni umeme mdogo wenye sura ya sauti. Kila maiki ni chanzo chake. Kila chaneli ni mfereji wake. Feda, kile kidude cha kusukuma juu na chini, ndo mlango. Mifereji yote inaishia kwenye mfereji mkubwa mmoja, mafundi tunaita basi, na kutoka hapo sauti inaenda kwenye masta, kisha amplifaya, kisha spika. Zile volyumu za oksi ni michepuko, unachota kidogo njiani kupeleka kwenye spika za waimbaji au kwenye mashine ya mwangwi.

Kuna kitu kimoja tu mfongo hauna ila mixa inacho. Maiki ya kawaida inatoa umeme mdogo mno, milivolti chache, wakati vifaa vya studio vinaongea kwa kiwango cha karibu volti 1.23. Kwa hiyo mwanzoni mwa kila chaneli kuna sehemu ya kukuza, inaweza kukuza mara mia kadhaa mpaka mara elfu. Tatizo likiwa hapo mwanzoni, hata kelele ndogo kama chembe inakuzwa nayo, ndo maana mkwaruzo mdogo kwenye swichi ya maiki unasikika kanisa zima.

Na nimechagua mfongo kwa sababu nyingine. Ile mifereji haina ramani ya karatasi. Wanaoijua wanaijua kwa kuifuata kwa miguu, maji yakikatika shambani mtu anapanda na mfereji mpaka aone yanapoishia, hapo ndo pamebomoka. Kutengeneza mixa isiyo na mchoro ni kazi hiyo hiyo.

Kwa nini hazina vitabu

Watu wanadhani kukosa kitabu maana yake mixa ni feki au ya kampuni ya hovyo. Sio kweli. Miaka ya sitini, sabini na themanini Ulaya kulikuwa na viwanda vidogo vingi, Italia peke yake ilikuwa na FBT ya Recanati, Montarbo, Davoli ya Parma na wengine, Ujerumani Mashariki kulikuwa na Vermona ya Klingenthal, na vingine vilitengeneza mixa chache tu kwa oda alafu vikafungwa. Michoro ilibaki kwenye makabati ya ofisi ambazo hazipo tena. Huku kwetu vifaa vingi vilikuja kama msaada kupitia makanisa na misheni, na aliyekuja navyo aliporudi kwao kitabu nacho kikaondoka, au kilikuwa cha Kijerumani kikaishia kufungia karanga.

Kwa hiyo kwenye hizi mixa kuna kazi mbili ambazo watu wanazichanganya. Kutengeneza ni kuondoa tatizo moja, mfano chaneli ya 4 hailii, unaishughulikia inalia, umemaliza. Kurudisha mixa kwenye hali yake ni kazi nyingine, unapitia yote, umeme, viunganishi, volyumu, swichi, kila chaneli, mpaka uiamini kwamba itapiga ibada ya saa tatu bila kukuangusha. Mteja akikwambia "nitengenezee" muulize anataka ipi, maana muda na hela ni tofauti sana na hapo ndo ugomvi mwingi unapoanzia.

Umeme kwanza, kabla ya kitu chochote

Nikiletewa mixa iliyokaa stoo miaka 20 siichomeki ukutani kuona kama inawaka. Najua ndo kitu cha kwanza kila mtu anafanya. Usifanye.

Geuza nyuma usome. Kwetu umeme ni volti 230. Mixa iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120, ukichomeka hapa transfoma inaungua wakati unatafuta feda ya masta. Nyingine zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua 110 au 220, na mtu aliyeikopa kabla yako anaweza kuwa aliigeuza.

Alafu rangi za waya, na hapa naomba usome mara mbili kwa sababu hili linaua. Waya wa zamani wa Uingereza, nyekundu ndo ya moto, nyeusi nyutro (waya wa kurudishia umeme), kijani athi (waya wa usalama unaoenda ardhini). Waya wa zamani wa Ujerumani, ile nyekundu ilikuwa ATHI, inafungwa kwenye bodi ya chuma, nyeusi ndo moto na kijivu ni nyutro. Sasa fundi aliyezoea ya Kiingereza akikuta mixa ya Mjerumani plagi imekatika, anafunga nyekundu kwenye moto kama alivyozoea, na kuanzia hapo bodi nzima ya mixa ina volti 230 na mwimbaji anashika maiki ya chuma. Usiamini rangi hata kidogo. Chukua mita, weka kwenye kupima muunganiko, ncha moja kwenye chuma cha bodi nyingine kwenye kila waya wa plagi, unaolia ndo athi, na haijalishi una rangi gani. Ukishaijua ng'oa waya wote wa zamani weka mpya wenye kahawia, bluu na kijani-njano. Fyuzi iliyoungua nayo usiifunge kwa karatasi ya sigara, iliungua kwa sababu.

Baada ya hapo ndo unawasha, lakini kupitia balbu. Balbu ya zamani ya uzi, wati 60 hivi, unaifunga njiani kwenye ule waya wa moto ili umeme wote wa mixa upite kwake kwanza. Kukiwa na shoti ndani, balbu inawaka kwa nguvu na mixa inasalimika. Kukiwa hakuna, inawaka kidogo alafu inafifia. Balbu za LED hazifanyi hii kazi, tafuta ya uzi, bado zinapatikana kwenye maduka ya wazee wa umeme. Ila balbu inalinda mixa, haikulindi wewe, mkono mmoja uwe mfukoni.

Kwa nini tahadhari yote hii? Kwa sababu ya kapasita, zile kopo ndogo zinazotunza umeme kama simtanki inavyotunza maji. Zile kubwa za powa saplai (sehemu inayoandaa umeme wa mixa) zina maji maji ya kemikali ndani, yanakauka na umri, na joto linazimaliza haraka, kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka maisha ya kapasita yanapungua nusu. Mixa iliyokaa juu ya amplifaya moto Moshi mjini inazeeka haraka kuliko dada yake aliyekaa Kibosho kwenye baridi, ingawa huyo wa Kibosho atakuwa na kutu kwenye viunganishi kwa sababu ya ukungu.

Sasa utajuaje ilitakiwa iwe na volti ngapi ndani kama hakuna kitabu? Vifaa vinajitaja vyenyewe. Ukikuta kidude chenye miguu mitatu kimeandikwa 7815 hicho kinatoa volti chanya 15, na jirani yake 7915 kinatoa hasi 15. Miguu yao haifanani, ya 7815 ni ingizo, athi, toleo, lakini ya 7915 inaanza na athi, kisha ingizo, kisha toleo, wengi wameunguza hapo. Usipokuta namba angalia kapasita kubwa, ikiandikwa volti 25 basi umeme wa pale uko chini ya 25. Mixa za zamani zaidi za transista tupu, yaani zisizo na aisi, nyingi zinatumia umeme wa upande mmoja, mfano volti 24, na zile za transista za jerumani (hizi ni za madini ya jerumaniamu, sio za nchi) unaweza kukuta bodi imefungwa kwenye chanya badala ya hasi, kwa hiyo pima kabla ya kuamini mazoea.

Muungurumo, na mpiga besi wa kwaya

Hili nalipenda kwa sababu halihitaji hata mita. Mixa ikiunguruma watu wote wanasema "athi hiyo", na ushauri wa haraka unaotolewa ni kata waya wa athi kwenye plagi. NAOMBA USIKATE. Athi ndo inayokulinda siku transfoma itakapovuja, na makanisani maiki iko mdomoni kwa mtu, anaweza kuwa amesimama peku kwenye sementi yenye unyevu.

Muungurumo una aina mbili kubwa na zinatofautiana kwa sauti. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde. Muungurumo unaotoka nje, kwenye mzunguko wa athi au waya wa maiki uliolala juu ya waya wa umeme, unakuwa 50. Lakini ndani ya powa saplai umeme unapinduliwa na tetemeko linakuwa 100, kwa hiyo kapasita kubwa zikichoka utasikia 100. Utazijuaje? Muite mpiga besi. Waya mnene wa gitaa la besi, fret ya tatu, ni nota ya G yenye 49. Waya mnene wa gitaa la kawaida, fret ya tatu hiyo hiyo, ni G ya juu yake yenye 98. Ukifanana na besi angalia nje, chomeka mixa na amplifaya kwenye soketi moja, panga waya upya. Ukifanana na gitaa la kawaida, na una ukali fulani kama nyuki, fungua powa saplai.

Nimewahi kutatua mixa ya kwaya moja kule Sakina kwa njia hii, tukiwa tumesimama tu na gitaa, kabla hata sijashika bisibisi.

Chaneli nzima ndo kitabu

Hapa ndo kiini cha yote ninayotaka kusema. Mixa sio kama redio au tivi. Redio ina saketi moja, ikifa huna cha kulinganisha. Mixa ya chaneli 10 ina saketi ile ile imerudiwa mara 10. Kama chaneli moja tu inalia, moja tu, basi unacho kitabu, kimeandikwa kwa risasi na shaba badala ya wino. Fundi anayesema haiwezekani kwa sababu hakuna mchoro hajaangalia chaneli ya jirani.

Namna ya kukisoma ni hivi. Nachukua kaunta buku, nachora nguzo mbili, kushoto chaneli nzima kulia chaneli mbovu. Nawasha, nageuza mita kwenye volti, naweka ncha nyeusi kwenye athi, alafu napita mguu kwa mguu. Mguu wa kwanza wa aisi (kidude chenye miguu mingi kilichobeba saketi ndogo ndani) kwenye chaneli ya 3 unasoma 0.01, kwenye ya 7 unasoma 0.02, sawa. Unaofuata, unaofuata, mpaka nakuta pale ambapo ya 3 inasema sifuri na ya 7 inasema 13.8. Hapo mfereji umebomoka. Sijajua bado ni aisi imekufa au kuna kapasita imepiga shoti, lakini nimeshatoka kwenye mixa nzima nimefika kwenye eneo la ukubwa wa ukucha.

Kama chaneli zinachomoka moja moja ni rahisi zaidi. Hamisha ya 3 uweke kwenye nafasi ya 7 na ya 7 kwenye nafasi ya 3. Ugonjwa ukihama na bodi (hapa ni sahani yenye vifaa, sio chuma cha nje), uko kwenye bodi. Ukibaki palepale, uko kwenye kiunganishi au waya wa nyuma. Dakika tano.

Aisi zenyewe hazitishi kama zinavyoonekana. Nyingi kwenye mixa za kuanzia sabini ni opamp, yaani aisi za kukuza, na mpangilio wa miguu ni ule ule karibu kwa viwanda vyote duniani. Yenye miguu 8 na vikuza viwili ndani kama TL072 au 4558, umeme chanya uko mguu wa 8, hasi mguu wa 4, sauti inatokea 1 na 7. Yenye kikuza kimoja kama 741, chanya 7, hasi 4, sauti mguu wa 6. Ikiwa nzima na umeme ni wa pande mbili, mguu wa kutoa sauti unasoma karibu na sifuri, na ile miguu miwili ya kuingizia inasoma karibu sawa. Ukikuta mguu wa kutolea umeng'ang'ania karibu na volti 15 kuna shida. Na hata majina mageni yana ndugu. Mixa ya mzee wa Old Moshi ndani ilikuwa na aisi zimeandikwa MAA741, mafundi waliotangulia walishindwa kuzipata wakakata tamaa, kumbe ni Tesla ya Chekoslovakia na ni 741 ile ile ya siku zote. Za Ujerumani Mashariki ukikuta B082 hiyo ni ndugu ya TL082. Tafuta namba ndani ya jina.

Sehemu ya besi na trebo nayo watu wanaiogopa, ina volyumu nyingi na kapasita nyingi zimesongamana. Mwaka 1952 Mwingereza Peter Baxandall alichapisha mchoro wa kurekebisha besi na trebo kwenye jarida la Wireless World, na viwanda vikauchukua, wakubwa kwa wadogo. Ukiuchora huo mchoro mara tano mpaka ukukae kichwani, ukifungua mixa ya kampuni ambayo hujawahi kuisikia utautambua kama unavyomtambua mtu wa ukoo kwa pua. Na ukiona rezista mbili zinazofanana za kilo-omu 6.8 mlangoni kwa maiki, hiyo ni fantomu, umeme wa volti 48 wa maiki za kondensa, kwa hiyo pima kabla hujachomeka maiki ya mtu.

Kusikiliza nako ni kusoma. Kwenye simu kuna programu za bure za kutoa mlio mmoja unaotetemeka mara 1000 kwa sekunde, uingize kwenye chaneli ukiwa umepunguza sauti. Alafu chukua spika ndogo ya kompyuta yenye amplifaya yake, ncha ya waya wake uunge na kapasita ya nano 100 yenye volti kubwa ili umeme wa moja kwa moja usipite, ufuate mlio kutoka mguu hadi mguu. Unasikia, unasikia, hausikii. Umefika. Usiguse nayo upande wa transfoma na umeme wa ukutani, na mixa za valvu ziache kabisa kwa njia hii.

Na mchoro wenyewe unachorwa. Piga picha upande wa shaba wa bodi, igeuze kwenye simu kama kioo ili ilingane na upande wa vifaa, iprinti kubwa, alafu kaa nayo na penseli. Shaba pana kuliko zote karibu kila mara ni athi. Weka aisi, weka umeme wake, alafu anza mlangoni kwa maiki. Chaneli moja inanichukua siku mbili tatu za jioni. Ni kazi ya kuchosha macho, ila ukimaliza umepata mchoro wa chaneli zote.

Ushauri unaozunguka ambao unaharibu

"Badilisha kapasita zote." Huu umetoka kwa watu wenye michoro. Bila mchoro, kubadilisha kapasita 80 usiku mmoja ni kupanda matatizo mapya juu ya yale ya zamani. Niliwahi kufanya hivyo, mbili nikazigeuza chanya na hasi, nikatumia wiki mbili kuzitafuta. Sasa hivi nabadilisha za powa saplai kwanza, kisha chaneli moja nzima, naisikiliza, ikikaa sawa ndo naendelea. Na zile za plastiki na seramiki mara nyingi hazina tatizo, ziache.

"Weka aisi za kisasa sauti iwe kali." Wanapenda kutoa TL072 kuweka NE5532. Aisi nzuri kweli. Lakini TL072 inakula kama miliampa 2.8 na NE5532 inakula karibu 8. Mixa yenye aisi 48 inatoka 134 inaenda 384, karibu mara tatu, na transfoma yake ya mwaka 1980 haikupangiwa huo mzigo.

"Pulizia WD-40." Inalainisha, leo volyumu inanyamaza, baada ya miezi kadhaa vumbi limenata humo na ni mbaya kuliko mwanzo. Petroli ni mbaya zaidi, inaweza kula plastiki, na ni moto. Tumia isopropili au dawa ya viunganishi yenyewe, kidogo, zungusha volyumu mara 30, acha ikauke.

Kuhusu volyumu kuna mtego mmoja wa herufi. Volyumu za siku hizi, A ni ya sauti (inapanda taratibu kisha haraka), B ni ya mstari. Nyingi za Ulaya za zamani A ndo ilikuwa ya mstari, na ya sauti ilipewa herufi nyingine. Ukienda dukani na herufi tu utarudi na isiyo yenyewe na feda itakuwa inapayuka robo ya kwanza alafu basi. Pima: iweke katikati kabisa, nusu kwa nusu ni ya mstari, ikiwa upande mmoja ni kama asilimia 10 mpaka 20 hiyo ni ya sauti. Kwa vipuri, Arusha na Moshi utapata vya kawaida, vingine ni kuagiza kwa basi kutoka Kariakoo, na walioko Arusha wengi wanaona Nairobi, Luthuli Avenue, ni karibu zaidi kupitia Namanga.

Na swali la kama mixa za zamani zina sauti bora kuliko za kidijitali, maoni yangu ni kwamba nyingine zina sauti nzuri sana na nyingine zina kelele tu, hakuna kanuni. Ninachozipendea ni kwamba zinafunguka. Bodi ya mwaka 1978 (namba kama 7834 juu ya aisi mara nyingi inamaanisha wiki ya 34 ya 1978) unaweza kuigusa kila mguu kwa mkono. Za sasa nyingi huwezi.

Mixa ya mzee sasa inalia chaneli 8 kati ya 10. Zile waya zilizokatwa na wale vijana niliziunga kwa kufuata rangi na mpangilio wa chaneli ya pili ambayo hawakuigusa. Mbili zilizobaki zinasubiri volyumu. Mchoro wa chaneli nimeuchora safi, nikaandika volti za kila mguu, kila nilichobadilisha na tarehe, nikakunja nikaweka kwenye mfuko wa nailoni, nikaubandika ndani chini ya mfuniko. Mzee alikuwa amekaa anaangalia. Akaniuliza hicho ni nini, nikamwambia ni kwa ajili ya fundi atakayeifungua baada yangu. Akafikiri kidogo, akasema basi andika na ilipotokea, andika ni ya kwaya ya Old Moshi. Nikafungua mfuko nikaandika.